Mguu wa dereva unavyoonekana kwenye grafu

Ukinipa grafu ya safari ya basi, sianzi na kilele. Kilele kila mtu anakiona: hapa gari lilifika kilomita 84 kwa saa, pale 79, alamu ikalia, ripoti ikamfikia mwenye basi, dereva akaitwa. Mimi naanza pale mstari unapoanguka, maana hapo ndipo utamjua dereva.

Kazi yangu ni kupitia rekodi za mwendo wa mabasi ya mikoani. Kila basi lina kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho wengi wanakijua kwa jina la VTS, na LATRA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti usafiri wa ardhini, inakifuatilia kutoka kwenye mfumo wake. Kifaa kinapokea ishara za satelaiti, kinatunza kasi, mahali na muda, kisha kinatuma. Kwangu inatokea grafu: muda unakwenda kulia kwenye mhimili wa chini, kasi inapanda kwenye mhimili wa kushoto. Safari nzima ya Dar es Salaam hadi Iringa inakuwa mstari mmoja unaopanda na kushuka, na ukijua kuusoma unaweza kukaa na dereva mkaongea kuhusu kilichotokea barabarani bila wewe kuwa umepanda lile basi.

Watu wengi wakiiona mara ya kwanza wanaisoma kama picha ya barabara. Mstari ukipanda wanasema gari lilikuwa linapanda mlima, ukishuka wanasema liliteremka, ukilala wanasema lilisimama. Hata kijana aliyefaulu fizikia Kidato cha Nne anaweza kukujibu hivyo ukimshtukiza. Mstari uliolala kwenye 80 ni wa basi linalokimbia bila kubadili kasi. Basi lililosimama nalo mstari wake umelala, lakini chini kabisa, kwenye sifuri. Na mstari unaoshuka haumaanishi gari linarudi nyuma. Maadamu bado uko juu ya sifuri, gari linaendelea mbele, ila linapunguza.

Ukishavuka hapo yanabaki mambo mawili: mwinamo wa mstari, na eneo lililo chini yake.

Mwinamo unakuonyesha mguu wa dereva. Mstari ukipanda polepole, anakanyaga mafuta kwa utaratibu. Ukisimama wima kwenda chini, ameshindilia breki. Kuupima ni hesabu ya dakika moja: chukua kasi iliyobadilika, igeuze kutoka kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde kwa kugawa kwa 3.6, kisha gawa kwa sekunde zilizopita. Basi lililojaa abiria na mizigo likitoka sifuri hadi 80 kwa sekunde 40, kasi yake imeongezeka mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo mchapuko wake ni kama 0.56, yaani kila sekunde inayopita linaongeza zaidi kidogo ya nusu mita kwa sekunde. Abiria hawausikii sana. Breki kali ya 4 au 5 wanaisikia wote, na aliyesimama kwenye ujia atajikuta mikononi mwa konda.

Eneo linakuonyesha umbali. Gari likienda mita 20 kwa sekunde kwa sekunde 10, limesafiri mita 200, na hizo 200 ni eneo la mstatili wenye urefu wa 20 na upana wa 10. Kasi ikiwa inabadilika, mstatili unakuwa pembetatu au trapeza, lakini kanuni haibadiliki. Nicole Oresme, mwanazuoni wa Ufaransa wa karne ya 14, alilionyesha hili kwa michoro miaka mingi kabla ya kuwapo gari lolote lenye injini. Alichora pembetatu ya kitu kinachoongeza kasi kwa usawa kutoka sifuri, akaonyesha kwamba eneo lake ni sawa na la mstatili wenye nusu ya kimo chake. Lile basi letu la sekunde 40, basi, limekwenda umbali uleule ambao lingekwenda likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa muda wote: kama mita 444. Napenda sana kufikiri kwamba mtu wa zamani hizo, bila hata saa ya kuhesabu sekunde, alituachia kitu ambacho leo kinatusaidia kuelewa kilichotokea Mikese asubuhi.

Na Mikese ndiko ninakotaka kukaa kidogo.

Kuna dereva wetu mmoja, mtu mzima, amezeekea kwenye usukani. Siku moja alamu ya breki kali ilitoka kwenye basi lake karibu na Mikese, kabla ya Morogoro. Kwa kawaida alamu ya namna hiyo inahesabiwa kuwa kosa. Nilifungua rekodi ya sekunde kwa sekunde. Mstari ulikuwa umelala kwenye 78. Kisha ukaanza kuinama taratibu: kwa sekunde tatu ukashuka hadi 70. Halafu ukadondoka: sekunde tatu nyingine, kutoka 70 hadi 24. Baada ya hapo ukaanza kupanda tena.

Alipofika ofisini nilimsalimia, nikamgeuzia kompyuta.

"Mzee, hapa Mikese kulikuwa na nini?"

Akasogea, akatazama. "Bodaboda, mwanangu. Katokea kwenye majani na magunia ya mkaa, hata hakuangalia."

"Na hapa kabla ya kukanyaga breki? Hizi sekunde tatu?"

"Hapo nilikuwa nimeachia mafuta. Niliona watoto pembeni wamegeuka wote wanaangalia kwenye majani. Nikajua kuna kitu kinakuja."

Sasa tazama hesabu yake. Katika sekunde tatu za mwanzo, mwinamo ulikuwa mdogo, kama 0.74, ambao ndio unaoupata dereva akiachia mafuta na kuiacha injini ilizuie gari. Ukichukua wastani wa 78 na 70, yaani 74, eneo chini ya kipande hicho ni kama mita 62. Kipande cha pili kina mwinamo wa 4.3, breki ya kweli, na eneo lake ni kama mita 39. Jumla kama mita 101 tangu aone watoto wamegeuka hadi kufika pale pikipiki ilipokuwa inakatiza, akiwa kwenye 24.

Mweke pale dereva mwingine ambaye hakuwaona watoto. Kwa sekunde zile tatu anaendelea na 78. Anakula mita 65 badala ya 62, tofauti ya mita tatu tu. Anakanyaga breki kwa nguvu ileile, lakini anaanza na 78 na zimebaki mita 36. Anafika kwenye pikipiki akiwa na kasi ya kama 46.

Hiyo 24 dhidi ya 46 ilitoka kwenye kipande cha mstari ambacho alamu haikukigusa kabisa. Mfumo ulipiga kelele kwa sababu ya mwinamo mkali, na mwinamo mkali ulikuwapo kweli. Lakini ile kazi iliyomwokoa mwendesha bodaboda ilifanyika kabla, kwenye ule mwinamo mdogo ambao ukiutazama harakaharaka unadhani ni barabara tu imepanda kidogo. Nilimwandikia mzee yule taarifa ya pongezi, na nikaambatanisha grafu yake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kumpima dereva kwa kilele peke yake ni kumwonea yeye na kuwadanganya abiria. Kwetu Tanzania basi linatakiwa lisizidi 80 kwa saa, na 50 kwenye maeneo ya makazi yenye vibao. Kenya nao, tangu kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutumika mwaka 2004, matatu na mabasi yakafungwa vidhibiti mwendo vya 80. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, na sababu yake imo kwenye eneo la grafu. Chukua magari mawili, moja kwenye 80 na jingine kwenye 100, madereva wote wanatumia sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga, breki zote zinapunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde. La 80 linasimama baada ya mita 83 hivi. La 100 likifika mita hiyohiyo ya 83, pale mwenzake anaposimama, lenyewe bado linakwenda na 68. Ukiwauliza watu watasema litakuwa na 20, maana 100 ukitoa 80 ni 20. Kwenye grafu utaona kwa nini sivyo: mistari miwili inashuka kwa mwinamo mmoja, lakini pembetatu ya ule wa juu imekua kila upande, kimo na upana, na mstatili wa sekunde za kushtuka nao umerefuka.

Ila kidhibiti mwendo kinakata kilele tu. Hakigusi mwinamo. Nimepitia safari ambazo mstari haukuwahi kuvuka 80, umekatwa juu kama kwa kisu, lakini kabla ya kila tuta na kila kijiji unadondoka wima na kupanda wima. Huyo dereva mbele ya sheria hana kosa. Abiria wake wametapika.

Na wala hawahi kufika. Hili ndilo gumu kumwelewesha mtu anayeamini kwamba kuchelewa kunafidiwa kwa kukimbiza. Chukua kilomita 60 za barabara nyeupe. Kwa 80 ni dakika 45, kwa 100 ni dakika 36. Umejihatarisha mwendo wote huo ukapata dakika tisa, na utaziacha mizani ya Vigwaza kwenye foleni, au Chalinze wakati konda anamtafuta abiria aliyekwenda kununua korosho. Umbali ni eneo, na eneo linaliwa zaidi na vile vipande mstari unapokuwa sifuri kuliko linavyoongezwa na vilele viwili vitatu. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, hayakuwa na kasi ya ajabu kuliko daladala. Yalikuwa na njia yao. Grafu ya daladala ya zamani kwenye Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi ingekuwa meno ya msumeno yanayogusa sifuri kila baada ya mita chache, na ile ya mwendokasi ni vilima vilivyopangika, kituo hadi kituo. Ukitaka trapeza safi kabisa kama ya kwenye kitabu, panda treni ya umeme ya SGR: inapanda kwa utulivu, inalala kwenye kasi yake, inashuka kwa utulivu hadi Morogoro. Reli haina bodaboda.

Meno ya msumeno yana bei yake pia kwenye karakana. Basi la tani 15 likiwa kwenye 80 limebeba nishati ya mwendo ya kama megajuli 3.7. Ukilisimamisha kwa breki peke yake, nishati hiyo yote inageuka joto kwenye breki, joto linalotosha kuchemsha lita 11 hivi za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Halafu unachoma dizeli kuirudisha. Madereva wawili wanaweza kutoka pamoja na kufika pamoja, wastani wao mmoja, na bado mmoja akabadilishiwa breki mapema kuliko mwenzake. Kwenye wastani hutawatofautisha. Kwenye mstari unawatofautisha kabla hujamaliza kuutazama.

Kuna grafu moja inayonitisha kuliko zote, na haina kilele wala maporomoko. Ni ya mteremko wa Kitonga, magari yanaporudi kutoka Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni. Gari linalopanda Kitonga likiwa na mzigo mstari wake unatambaa chini, na linaloshuka salama linafanana nalo: mstari mfupi, uliolala, 25 hivi, kwa sababu dereva mzoefu anashuka na gia ndogo, injini ndiyo inayozuia, breki anazigusa tu. Ukikutana na mstari wa kushuka Kitonga ambao unapanda kidogokidogo, kutoka 25 hadi 40 kwa nusu dakika, mwinamo wake ni kama 0.14 tu. Kwenye grafu ya safari nzima hutauona. Lakini kama mguu wa dereva ulikuwa kwenye breki muda wote huo, maana yake breki zimeshapata moto na haziwezi tena kuushinda mlima. Hapo kasi haijazidi nusu ya ile 80, hakuna alamu iliyolia, na gari limeshaanza kumponyoka. Ndivyo ilivyo Mlima Iwambi kule Mbeya, na ndivyo ilivyokuwa Salgaa nchini Kenya, ambako madereva wa malori waliokuwa wakiweka gia huru ili wabane mafuta walisababisha vifo vingi. Kwenye mteremko, mstari uliolala ni kazi kubwa. Anayeusoma kana kwamba hapo dereva alikuwa amepumzika hajamwelewa.

Kwa hiyo kila grafu isomwe pamoja na ramani. Mwinamo uleule una maana moja Kitonga na maana nyingine kabisa kwenye tambarare ya Mikumi, ambako kasi inapaswa kushuka kwa sababu ya wanyama.

Isomwe pia kwa kujua kifaa kimepima vipi. Hapa nawasihi wenye mabasi wawe makini, maana riziki ya mtu imo humu. Vifaa vingi vinatuma pointi moja kila baada ya sekunde kadhaa, na programu inaziunganisha kwa mstari ulionyooka. Pointi zikiwa mbalimbali kwa sekunde 30, mwinamo unaouona ni wastani wa nusu dakika nzima. Lile tukio la Mikese lingepotea lote: ungeona 78 hapa, 60 pale, na mstari mpole katikati. Kuna upande wa pili wake, kifaa kupoteza satelaiti kisha kuzipata ghafla. Hapo utaona basi limetoka sifuri hadi 90 kwa sekunde moja. Fanya hesabu: 90 ni mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mchapuko ni 25, zaidi ya mara mbili ya jiwe linaloanguka, ambalo lina 9.8. Hakuna basi duniani linalofanya hivyo. Hicho ni kifaa kimekosea, na dereva asiulizwe chochote. Yeyote anayepewa mamlaka ya kukata mshahara wa dereva kwa kutumia grafu anapaswa kwanza aweze kuona mwinamo usiowezekana.

Nadhani uwezo huo ungeanzia shuleni, na vifaa tunavyo. Shule yenye maabara ina ile tikataima, kigari na utepe wa karatasi. Kwenye umeme wetu wa hezi 50, inapiga nukta kwenye utepe kila sehemu ya 0.02 ya sekunde. Kigari kikivuta utepe huku kinaongeza mwendo, nukta zinaachana zaidi na zaidi. Kata utepe kila baada ya nafasi tano, uwe na vipande vya sehemu ya kumi ya sekunde, kisha vibandike wima kwa kupangana kwenye daftari. Umekwishachora grafu ya kasi kwa muda bila kuandika tarakimu hata moja. Urefu wa kila kipande ni kasi, ngazi ya vichwa vyao ni mwinamo, na ukivirudisha vyote kwenye mstari mmoja unapata umbali uliosafiriwa, kwa sababu ni utepe uleule. Mwanafunzi aliyeshika utepe huo kwa vidole hawezi tena kudhani mstari unaopanda ni mlima. Anayekariri kwamba eneo ni umbali kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Pili ataisahau likizo ikianza.

Baada ya tikataima, mwalimu awape grafu ya basi wanalolijua. Simu yoyote yenye GPS na programu ya kurekodi mwendo inatosha, kutoka stendi moja hadi nyingine. Waambie watafute tuta lilipo, watafute kituo cha polisi, wakadirie kilomita kwa kuhesabu miraba iliyo chini ya mstari, halafu walinganishe na vibao vya barabarani.

Na kwa wenye mabasi: mnaponunua kifaa, ulizeni kinatunza rekodi kila baada ya sekunde ngapi, na kama unaweza kuivuta ya sekunde kwa sekunde baada ya tukio. Mkimwita dereva, mwonyesheni mstari wenyewe, siyo namba iliyopigiwa mstari mwekundu kwenye ripoti. Mwache aeleze kila mporomoko kabla hujaamua chochote. Dereva anayekumbuka watoto waliogeuka kuangalia majani hahitaji kuhubiriwa usalama. Mpeni vijana wapya wakae naye, wafungue safari zake moja baada ya nyingine, na wajifunze kutafuta zile sekunde tatu za kabla ya breki.